Akiba Isiyosalimiwa

Asubuhi Jecinta aliwasha moto na kupika chai. Maziwa yalikuwa kidogo tu. Miaka ile vita vya Shifta vilikuwa vikiendelea kaskazini mwa Kenya, na mifugo haikuruhusiwa kwenda mbali na mji wa Isiolo. Jioni ikifika, kila mtu alijifungia ndani.

Mumewe, Ebei, alikuwa na faraja moja, nayo ni kitabu chake cha benki. Alikifunga kwa kitambaa na kukiweka katika sanduku la bati. Mgeni akija, kitabu kilitolewa, kikasifiwa, kikarudishwa. Kwa kujisifu, Ebei hakuwa na mpinzani.

Siku moja Lotukoi, kaka yake Jecinta, alifika kutoka kijiji cha Gotu. Mbuzi wake wote walikuwa wameibwa.

"Watoto hawana maziwa," alisema.

"Usihuzunike, shemeji," Ebei akajibu kwa sauti kubwa. "Pesa zangu ziko benki. Leo tutanunua mbuzi."

Lotukoi alingoja nje ya benki. Karani alikuwa Kiugu, kijana Mmeru, jirani yao mpya. Alipokea kitabu, akaenda ndani, akarudi polepole.

"Mzee, akaunti yako imelala. Masharti yalibadilika. Akaunti ikikaa miaka miwili bila kuweka wala kutoa pesa, inalazwa. Isipoamshwa, inafungwa. Leo siwezi kukulipa, lakini..."

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka. Ebei hakungoja maneno mengine. Alitoka mbio.

"Karani hayuko," alimwambia Lotukoi.

"Basi tutarudi kesho, shemeji," Lotukoi akasema. Alimwamini kabisa. Hilo lilimuumiza Ebei kuliko kicheko cha foleni.

Jioni, kabla ya saa ya kujifungia, mtu alibisha mlango. Alikuwa Kiugu, kitabu cha benki mkononi.

"Habari za hapa? Mzee, umesahau kitabu chako kwangu. Mbona ulitoroka kabla sijamaliza kukueleza?"

Lotukoi alimgeukia Ebei. "Si ulisema karani hayuko?"

Jecinta aliinamia sufuria yake. Ebei alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nilidanganya," alisema mwishowe. "Niliona aibu. Nimejisifia pesa ambazo sijui hata ziko wapi."

"Pesa zako zipo," Kiugu akasema. "Lakini kwa nini hukuja miaka hii yote?"

"Kuja kufanya nini? Ukimpa rafiki mbuzi akutunzie, huendi kumhesabia. Ni kumtukana."

"Lakini kumsalimu unaenda, Baba Nakaale," Jecinta akamwambia mumewe. "Usipoenda kabisa, atafikiri umekufa."

Kiugu alicheka. "Mama Nakaale amenimalizia kazi! Benki pia haikujua kama uko hai. Tuliandika barua kwa anwani ya kazi yako ya zamani. Ikarudi."

"Kazi hiyo niliiacha vita vilipoanza."

"Na hukutuambia. Sasa njoo kesho na kitabu na kipande chako cha kitambulisho. Tupe anwani mpya, weka alama ya kidole, kisha weka pesa kidogo, hata shilingi tano. Akaunti itaamka. Baada ya hapo, weka au toa kitu kila mwaka. Masharti yakibadilika, tunabandika tangazo mlangoni. Kama hujui kusoma, niulize."

"Na kama ingefungwa?" Ebei akauliza.

"Ungezidai pesa zako, lakini ungehangaika sana."

Ebei alipapasa mfuko wake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Hizo shilingi tano sina."

Lotukoi alifungua pindo la shuka yake. Ndani mlikuwa na shilingi tano, pesa zake zote. Akaziweka mkononi mwa shemeji yake. Ebei alizipokea bila kuinua macho.

Kesho yake Ebei, Jecinta na Lotukoi waliingia benki. Safari hii Ebei hakukimbia. Aliuliza maswali yake mbele ya foleni nzima, na hakuna aliyecheka. Akaunti ikaamshwa, naye akatoa pesa za kutosha. Lotukoi alirudi Gotu na mbuzi wa maziwa. Lakini alikataa kabisa kurudishiwa zile shilingi tano.

Siku hizi wageni hawaonyeshwi kitabu. Jecinta ndiye anayekitunza, na anajua kila kilichomo. Mvua zikianza, Ebei huenda kumsalimu rafiki anayemtunzia mbuzi aliowanunua baadaye, kisha hupita benki.

"Unaweka ngapi leo, mzee?" Kiugu humwuliza.

"Tano," Ebei hujibu. "Tano za Lotukoi."