Mota ya Baiskeli ya Shulan

Haya yalimpata rafiki yangu Shulan, mshonaji mstaafu wa Tianjin. Magoti yalikuwa yanamsumbua, kwa hiyo mchana mmoja alishuka stoo ya chini ya jengo lao kuifungia mota baiskeli yake kuukuu. Alipokaza nati ya mwisho, taa ikazimika na mlango ukajibamiza. Alivuta kitasa, wapi! Gizani akasikia gurudumu likizunguka, taratibu, kisha kwa kasi, ilhali betri ilikuwa bado ndani ya boksi. Akaugonga mlango kwa ngumi.

“Pei! Jirani! Nifungulie, nakufa huku!”

“Nipo hapa mlangoni, dada,” Pei akajibu kutoka nje. “Lakini mbona huyo mwanamume uliye naye humo ananikataza nisifungue?”