Mtaala wa Bi Overby

Kila asubuhi, saa mbili kamili, Junia Holcomb alifuta meza ya jikoni, akamvisha mdogo wake soksi za sufu, kisha akawasha runinga. Nje theluji ilikuwa imefika usawa wa madirisha. Baba alikuwa ameshaondoka na gari lake la kusafisha barabara, na Mama alikuwa ng'ambo ya uwanja kwa Bibi, ambaye alivunjika nyonga mwezi wa kumi. Nyumbani walibaki Junia wa miaka kumi na miwili, Alden wa miaka saba, na Bi Overby.

Bi Overby alikuwa ndani ya runinga. Alivaa gauni la kijani, na nywele zake hazikutikisika hata alipogeuka ubaoni. Masomo yake yalirekodiwa zamani, Mama angali mtoto, na yaliuzwa kwa sanduku: diski za video, vitabu vya mazoezi na kitabu cha majibu. Miaka yote Mama aliwafundisha mwenyewe mezani hapo, kwa kuwa yeye na Baba walitaka watoto wanaouliza, wanaotumia akili zao. Sasa Bibi alihitaji mtu wa kumgeuza kitandani, na tangazo lilisema mtaala huu hauhitaji mzazi awepo. Mama alilisoma mara mbili, akaagiza. Wauzaji walimpa siku thelathini: usipofaa, aurudishe.

Bi Overby alikuwa na wanafunzi wake humo humo, ila vilionekana visogo tu. Aliuliza swali, akanyamaza akikutazama moja kwa moja bila kupepesa macho, kisha akatabasamu na kumsifu mmoja wao, yule yule kila siku. "Vizuri sana, Timothy."

Junia hakuchukua siku tatu kugundua kwamba hata usipojibu unasifiwa. Alimtolea ulimi, akaambiwa vizuri sana. Raha iliyoje! Tangu hapo alisoma hadithi zake chini ya meza, na saa sita ilipokaribia akanakili majibu kutoka kitabu cha majibu, yake na ya Alden. Mama alirudi hoi, akakuta kurasa zimejaa, akafurahi.

Alden ndiye aliyebadilika. Huyu mtoto alikuwa na maswali ya kuchosha nyumba nzima: kama kuku huota, kama theluji ina harufu. Wiki ya kwanza maswali yakapungua. Wiki ya pili yakaisha kabisa, na wakati wa chakula akawa anakaa wima, mikono ameikunja, akitazama ukutani. Baba alisema kijana amekua.

Wiki ya nne, mchana mmoja, Junia alikuwa stoo akichota unga wa mahindi. Runinga ilikuwa imezimwa, aliizima mwenyewe. Akasikia sauti nyembamba jikoni.

"Habari za asubuhi, Bi Overby." Kikafuata kimya kirefu, cha kipimo kile kile cha Bi Overby. "Asante, Bi Overby."

Alichungulia. Alden alikuwa ameketi mbele ya kioo cheusi cha runinga, anatabasamu. Junia alimwita kwa jina, hakugeuka. Akamwita tena, kimya. Bila kujua kwa nini, akanong'ona, "Timothy."

Mtoto akageuka papo hapo.

Jumapili Mama alimkalisha Junia. "Jumanne ndiyo mwisho wa kurudisha lile sanduku," alisema. "Wewe ndiye unayeshinda nalo. Linatufaa?"

Junia alitaka kusema. Lakini akianza na Alden ataishia kwenye kitabu cha majibu, na hapo atajificha wapi? "Linatufaa, Mama," akajibu. Mama akashusha pumzi kwa faraja, na faraja ile ikamchoma Junia vibaya sana.

Jumatatu alikuwa chumbani na kitabu chake aliposikia harufu ya sufu inayoungua. Alishuka ngazi mbio. Jikoni moshi ulikuwa umetanda. Glavu iliyoanikwa juu ya jiko la kuni ilikuwa imeangukia jiko na kushika moto, kisha ikadondoka juu ya zulia, na zulia lilikuwa likiungua karibu na mguu wa Alden. Naye ameketi wima, machozi yanamtiririka kwa moshi, mkono ameunyoosha juu, macho kwenye runinga.

Junia alimvuta, akamwagia zulia ndoo nzima ya maji. "Kwa nini hukuniita?"

"Hajanichagua," alisema Alden.

Nyuma yao, katikati ya moshi, Bi Overby alitabasamu. "Vizuri sana, Timothy."

Junia alichomoa waya ukutani, akamshika mdogo wake mkono, wakakata uwanja bila makoti. Mbele ya kitanda cha Bibi alisema yote bila kuruka kitu: majibu, runinga iliyozimwa, jina lile, uongo wa Jumapili.

Mama alimpakata Alden. "Umenidanganya, Junia, na kurasa zile zote utazifanya upya," alisema. "Ukweli wako ndio ninaotumia kuamua mambo ya nyumba hii. Ukinipa uongo, nitaamua vibaya, na atakayeumia huenda asiwe wewe. Lakini mimi nami nilikosea. Tuliwaweka nyumbani ili tuwe nanyi, kisha nikachagua mtaala kwa sababu hauhitaji niwepo. Pengine kuna nyumba ambayo mtaala huu unaifaa. Yetu hapana."

Bibi akasema vitabu viletwe kwake; yeye amevunjika nyonga, kichwa ni kizima.

Sanduku likarudishwa kesho yake. Mama akachagua masomo ya kusomwa kwa sauti na kujadiliwa, wakawa wanasomea pembeni ya kitanda cha Bibi. Siku tatu Alden hakufungua mdomo, na Mama hakumharakisha. Siku ya nne alimtazama Mama kwa muda mrefu.

"Sikuwa najua jibu hata moja," alisema. "Na yeye alikuwa anasema vizuri sana."

"Mimi ukikosea nitakwambia umekosea," Mama akasema. "Halafu nitakaa hapa mpaka uelewe."

Alden akafikiri kidogo. Kisha akasogeza kiti, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akasema huu hajauelewa.