Nyumba ya Mke Mdogo

Foleni ya jumba la nyaraka ilikuwa imefika barabarani, na Kinyaa alikuwa ameshawachukia watu wote waliomtangulia. Mmoja alinuka vitunguu. Mwingine alijikuna shingo kisha akashika kitasa cha mlango. Ndugu zake walimpa jina hilo tangu utotoni kwa sababu kila kitu kilimkera: kikombe cha mwenzake, kitana cha dada yake, sabuni yenye unywele. Sasa alikuwa fundi wa mapazia mwenye duka lake, mtu mzima, na bado alifungua milango kwa kiwiko.

Mlinzi alimnyang'anya kalamu. Humo ndani ni penseli tu, alisema, wino ni marufuku. Kinyaa hakuwa na penseli. Mwanamume aliyesimama nyuma yake, mrefu, shati jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo ikasimama, alitoa ya kwake, akaiuma katikati, akaivunja na kumpa nusu.

Kinyaa aliitazama ile nusu inavyometameta mate. "Hii nikushukuru, au nikushtaki?"

"Ifute tu. Nimepiga mswaki."

"Lini?"

Mwanamume alicheka hadi mlinzi akamkemea. Kinyaa aliipokea kwa tishu, na akajishangaa kwamba aliipokea.

Mwanamume huyo alikuwa mpima ardhi, na jumba lile alilijua kama sebule yake, maana alikuja kila mara kutafuta ramani za mipaka ya zamani. Mchana walikunywa chai kwenye kibanda cha ng'ambo ya barabara. Alilitazama gauni la kijani la Kinyaa, alilolishona kwa mabaki ya kitambaa cha dukani, akauliza kama hilo ni gauni au amevaa dirisha. Kinyaa alimwambia afunge mdomo, tena kwa sauti ambayo mwanamke humwambia tu mtu anayetaka aendelee kuongea.

Kinyaa alimweleza kilichomleta. Alitumwa na ukoo. Baba mkubwa, aliyemlea tangu baba yake afariki, alikuwa amejenga ukumbi wa familia na kuupa jina la babu yao mkuu, ambaye wote walimwita Mkaidi. Mkaidi, kila mtoto wa ukoo alifundishwa, alifungwa jela kwa kukataa kulipa kodi ya wakoloni. Baba mkubwa alitaka karatasi za kesi zisomwe siku ya ufunguzi, kisha zitiwe kwenye fremu. Akamchagua Kinyaa, kwa kuwa kushona mapazia, kwa maoni yake, si kazi ya kumnyima mtu nafasi.

Wakaanza kutafuta pamoja. Kodi ile haikuhesabu watu, ilihesabu nyumba. Mwenye wake wawili alikuwa na nyumba mbili, na alizilipia zote. Kwenye daftari la kwanza Mkaidi alikuwa na nyumba mbili. Mwaka uliofuata alikuwa na moja, na karani ameandika pembeni: nyingine imebomolewa.

"Upepo, labda," alisema mpima ardhi.

"Upepo unaochagua," alisema Kinyaa, lakini hakufuatilia, kwa sababu bega lake lilikuwa limegusana na bega la mwenzake na vumbi la madaftari halikumkera hata kidogo.

Mapenzi yao yalikwenda mbio. Mpima ardhi alimpigia simu asubuhi kumuuliza malkia wa kinyaa ameamkaje, na usiku kumuuliza dunia imemchukiza kwa lipi. Jambo moja tu Kinyaa hakuliweza: kunywa kwenye glasi aliyonywea mwenzake. Kubusiana sawa, alisema, maana hapo akili huwa haipo, glasi unaiona. Mpima ardhi akamwambia siku atakayokunywa humo ndipo ataamini kwamba anapendwa. Kinyaa akamwambia basi atakufa na mashaka.

Akamposa hata hivyo. Baba mkubwa, mtu wa kubana matumizi, akaamua kwamba mchumba atambulishwe kwa ukoo siku ileile ya ufunguzi wa ukumbi, wageni walishwe mara moja. Kinyaa alikuwa amezama kwenye oda ya mapazia ya hoteli, hivyo mpima ardhi akajitolea kwenda kunakili jalada la kesi.

Nakala alizoleta zilikuwa safi: amri ya kifungo, mhuri, jina la Mkaidi. Kinyaa alizipanga mezani na macho ya fundi yakakwama. Kila karatasi ilikuwa na namba juu, na namba moja haikuwepo. Akampigia.

"Labda mashine iliruka, mpenzi," alisema mpima ardhi. "Si kitu."

Alisema upesi mno. Kinyaa alifunga duka, akaenda mwenyewe, akaomba jalada. Ukurasa ulikuwepo mahali pake, mzima kabisa. Aliusoma akiwa amesimama. Kisha akaenda msalani, akanawa mikono, akanawa tena, akajitazama kwenye kioo. Kila mtu nyumbani alisema ana paji la uso la Mkaidi. Alitamani kulisugua litoke.

Nje, aliegemea ukuta akampigia baba mkubwa. Alitegemea mzee ashtuke. Mzee alipiga miayo.

"Hayo nayajua, mwanangu, nilishayasoma zamani. Enzi zile watoto walikufa tu. Kwani sisi tutakuwa wa kwanza kufukia la babu?" Kisha akaongeza kwa wema uliomsisimua Kinyaa mwili mzima, "Kijana wako ana busara. Aliponiuliza, nilimwambia auache huo ukurasa kama anataka mke kwetu, akauacha. Huyo ni mkwe."

Kinyaa alikata simu. Mpima ardhi alipiga tena na tena, naye akapokea mara moja tu.

"Niliogopa kukukosa," alisema mpima ardhi.

"Kwa hiyo ukaninunua. Umemuuza mtoto wa watu ukaninunua mimi. Nikikumbuka mkono wako mgongoni nataka kuoga."

"Mpenzi, nisikilize."

"Utanisikia wewe, mbele ya wazee. Wakiniuliza kama nakutaka, nitawajibu."

Alikwenda kwenye ufunguzi kwa azma hiyo tu. Alivaa gauni jeusi lisilo na pambo. Ukumbi ulinuka rangi mbichi na jasho la mashangazi. Picha kubwa ya Mkaidi ilining'inia juu ya meza kuu, na chini yake baba mkubwa, suti imembana tumbo, alitafuna keki huku akimsifia shujaa, makombo yakimruka mdomoni. Kinyaa aliyatazama makombo yale yakitua kwenye glasi za maji na hakuelewa watu wengine wanawezaje kukaa hapo wakitabasamu.

Kisha mzee akamwita mkwe mtarajiwa asome karatasi za kesi, kwa kuwa ana sauti nzuri. Mpima ardhi alisimama na shati lake jeupe. Hakumtazama Kinyaa. Alisoma amri ya kifungo, watu wakapiga makofi. Akatoa karatasi nyingine mfukoni.

"Kuna ukurasa nilioruka," alisema. "Ni maneno ya mke mdogo, aliyemshtaki."

Akasoma. "Alibomoa nyumba yangu kabla wahesabuji hawajafika, ili alipie moja. Nilimwomba angoje mvua ipite, mtoto ana homa. Akanipeleka bandani kwa mbuzi. Wahesabuji walipoondoka mtoto alikuwa amekufa."

Hakuna aliyepiga makofi. Baba mkubwa alimwambia akae chini. Mpima ardhi aliendelea.

"Kodi ya ile nyumba moja aliilipa, tena mapema. Mahakama ilimwamuru amjengee mke wake nyumba nyingine. Hilo ndilo alilokataa, akafungwa."

Watu walianza kutazama kuta mpya na dari mpya, kila mmoja kwa wakati wake, na shangazi mmoja akashika mdomo.

"Hapa huoi," alisema baba mkubwa.

"Nimeelewa, mzee."

Alipiga funda la maji, akairudisha glasi mezani vibaya, akachukua koti lake. Kinyaa alikuwa ameshasimama. Alipita katikati ya mashangazi hadi meza kuu na kuiokota ile glasi. Alama ya midomo ilionekana wazi ukingoni. Kombo la keki lilielea juu. Aliliona vizuri, nalo lilimkera kama kawaida. Akanywa maji yote.

Waliomjua tangu utotoni walinyamaza kuliko walivyonyamazia kesi.

"Unafanya nini wewe?" baba mkubwa aliuliza.

"Nakunywa maji, baba mkubwa. Hii tu ndiyo safi humu ukumbini." Akaiweka glasi chini, akamgeukia mpima ardhi, ambaye macho yalikuwa yamemlowa. "Twende. Na usidhani nimekusamehe. Hiyo bado."

Walipofika mlangoni, mpima ardhi aliinama sikioni mwake. "Nilipiga mswaki," alinong'ona.

Kinyaa alifungua mlango kwa kiwiko. "Lini?"