Mkono wa Touria

Ijumaa hiyo Abdelwahed alirudi kutoka msikitini, akala kuskusi ya ngano aliyoipika dada yake mpaka akalegeza mkanda, kisha akaanza kazi aliyoikwepa kwa siku arobaini: kuhifadhi mtandaoni picha za marehemu mkewe, Touria, kabla simu ya marehemu haijafa kabisa. Nyumba nzima ilitumia akaunti moja ya kuhifadhia picha, kwa kuwa dada yake, Zhor, alisahau nywila kila wiki.

"Nikuongeze?" Zhor aliuliza kutoka jikoni. "Ukikonda hivi watasema nakula fungu lako."

"Nimeshiba, dada."

"Huko Tanja unakohamia nani atakupikia?"

Aliinamia simu. Picha zilikuwa zinapanda: Touria sokoni, Touria akicheka na zabibu mdomoni. Kisha zikaingia tatu asizozijua. Zilitoka kwenye simu ya Zhor. Zilipigwa leo, saa tano asubuhi.

Ya kwanza, bakuli la udongo lenye chembe za ngano. Ya pili, mkono wa kijivu ulioshikwa kifundoni, ngozi ikibambuka kama utando wa maziwa. Ya tatu, mkono huohuo umezama kwenye chembe, ukizivingirisha. Kidole kidogo kilikuwa kimepinda. Touria alikivunja mlangoni, mwaka wa kwanza wa ndoa.

Mji mzima wa Meknes unajua: anayekula kuskusi iliyovingirishwa kwa mkono wa maiti hana tena kauli mbele ya aliyempikia.

Alitapika kwenye sinki. Chembe zilitoka nzima, zimeshikana, zina joto.

"Dada," alinong'ona. "Umemfanya nini Touria?"

"Mimi? Simu yangu iko kwa fundi tangu Jumanne. Uliipeleka mwenyewe."

Ilikuwa kweli. Akazifuta picha. Zikapanda tena. Sasa zilikuwa nne. Katika ya nne, hakuna aliyeushika mkono.

Walikwenda makaburini. Mlinzi aliapa kwamba hakuna aliyechimba. Udongo ulikuwa mkavu, umepasuka, magugu yameota. Abdelwahed alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya kaburi kumwombea mkewe. Akashusha pumzi. Touria alikuwa salama.

"Twende nyumbani, kaka," Zhor alisema taratibu. "Habari za Tanja basi."

Alitaka kukataa. Ulimi haukusogea. Miguu ilishaanza kumfuata.

Garini alitazama kiganja alichokiweka juu ya kaburi. Kilikuwa kimelowa samli iliyovunda, ile itiwayo kwenye kuskusi. Alikipangusa kwa suruali, kwa leso, kwa kiti. Ilizidi kutoka.