Dakika Mbili Getini

Kila siku jioni Mama Kifungo alifunga duka lake la kushona. Alipakia marobota ya vitambaa nyuma ya gari, akamfunga mtoto mchanga kwenye kiti chake, kisha akaanza kupanda mlima. Nyumba yao ilikuwa juu kabisa, pale barabara inapoishia.

Gari hilo aliachiwa na marehemu baba yake. Usukani ulikuwa umelainika mahali mzee huyo alipozoea kuushika. Mama Kifungo hakuwahi kubadilisha kitu chochote ndani yake, hata kitambaa cha viti.

Zamani gari lilipanda mlima taratibu, likihema kama mzee mwenye mzigo. Ndipo mumewe, mpaka rangi ambaye watu wote humwita Brashi, alipompa mkewe zawadi. Alilipeleka gari kwa rafiki yake fundi. Gari lilikuwa na turbo, yaani feni ndogo inayozungushwa na moshi wa ekzosi na kusukuma hewa ndani ya injini. Rafiki akarekebisha kompyuta ya gari ili turbo isukume hewa nyingi zaidi.

"Sasa malori ndiyo yatakula vumbi lako," Brashi alisema, meno yote nje.

Kweli, gari lilipaa. Mama Kifungo alifurahi. Akifika getini alizima injini papo hapo, ili mngurumo usimwamshe mtoto. Cha ajabu, mtoto aliamka vilevile.

Baada ya miezi miwili, harufu ya kuungua ikaanza. Kisha Jumamosi moja asubuhi, gari lilipowashwa, moshi wa buluu ukatoka nyuma.

"Tazama geji ya joto," Brashi alisema. "Mshale uko katikati. Gari halina homa."

"Na harufu hii?"

"Harufu ya nguvu hiyo, mke wangu."

Mama Kifungo hakucheka. Alishika futi ya kupimia nguo iliyoning'inia shingoni mwake.

"Brashi, hili ni gari la baba," alisema polepole. "Likifa, sina kitu kingine alichokishika kwa mikono yake."

Brashi akazima injini. Utani ulimwishia mdomoni.

"Mkwe! Unachoma nini huko?" sauti iliita kutoka upande wa pili wa ukuta.

Alikuwa jirani yao, Bi Spana. Alikuwa fundi katika karakana ya mabasi, mahali ambapo baba yake Mama Kifungo alikuwa dereva. Kwa hiyo alimhesabu Mama Kifungo kama mwanawe, na Brashi kama mkwe, apende asipende.

"Sichomi kitu, mama."

"Basi injini ndiyo inayochoma."

Akaja na kitambaa mkononi. Alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha na kukichomoa tena. Oili ilikuwa nyeusi tii, chini ya alama ya mwisho. Alimpa Brashi anuse.

"Kama sufuria iliyosahauliwa jikoni," Brashi alikiri. "Lakini geji inasema joto liko sawa."

"Geji hiyo inapima maji. Oili nani anaipima?"

"Si joto ni lilelile?"

"Haya. Sufuria moja ya maji inachemka, nyingine ya mafuta imepata moto wa kukaangia maandazi. Utachovya kidole wapi?"

"Kokote? Sichovyi!"

"Lakini unajua ipi itakuunguza zaidi. Maji yanaweza kuwa salama huku oili inateseka." Bi Spana aligonga turbo kwa ncha ya bisibisi. "Hii inategemea oili. Oili ndiyo inayoilainisha, na ndiyo inayoondoa joto lake. Wewe umeongeza nguvu, na nguvu ni moto. Cha kupoza umeongeza nini?"

Brashi aliinama kuitazama turbo.

"Oili ikizidi joto inakuwa nyepesi mno," Bi Spana aliendelea. "Vyuma vinaanza kusagana. Na mkishapanda mlima, mnafanyaje?"

"Nazima hapohapo," Mama Kifungo alijibu. "Mtoto anakuwa amelala."

Bi Spana akashika kiuno. "Ala! Injini ikizimwa, pampu ya oili nayo inasimama. Turbo bado ni moto mkali. Oili iliyobaki ndani haina pa kwenda. Inaungua, inaganda kama masizi."

"Kwa hiyo ni mimi niliyeiua?"

"Haijafa, mwanangu. Tena baba yako alilijua jambo hili. Hukumbuki alivyokuwa akikaa garini kabla ya kuingia ndani?"

Mama Kifungo alikumbuka. Alikuwa mdogo, amesimama dirishani. Baba yuko getini, injini inanguruma, naye hashuki.

"Nilidhani ametuchoka," alisema. "Nilidhani hataki kuingia."

"Ametuchoka nani! Mimi ndiye niliyemwambia. Dakika mbili, hata mvua ikinyesha. Mtu mbishi yule, lakini hilo alilishika."

Mama Kifungo aligeuka pembeni, akajifanya anakunja futi yake. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

Wiki hiyo Bi Spana alimwita rafiki wa Brashi, wakafanya kazi pamoja. Walipunguza kidogo msukumo wa turbo. Walibadilisha filta na oili, wakaweka ya aina iliyotajwa katika kitabu cha gari. Mbele, mahali upepo unapopiga, walifunga kipoza oili, kifaa kinachofanana na rejeta ndogo. Kilikuwa na vali inayosubiri oili ipate joto kwanza ndipo iipitishe humo. Mwisho walifunga geji ya joto la oili.

Bi Spana alijaribu turbo kwa kidole. Ilizunguka vizuri, bila kuchezacheza.

"Ina bahati," alisema. "Asubuhi msiikimbize injini mpaka oili ipite nyuzi themanini. Mlimani, tisini mpaka mia na kumi si neno. Ikifika mia na thelathini, legeza mguu. Ikizidi kupanda, simama pembeni, acha injini ingurume bila kukanyaga mafuta, ipoe. Pima oili kila wiki, na ibadilisheni mapema kuliko zamani."

Brashi alichukua brashi yake nyembamba kuliko zote. Akachora mstari mwekundu kwenye kioo cha geji, palepale kwenye mia na thelathini.

"Hii ndiyo zawadi niliyopaswa kukupa," alimwambia mkewe.

Jumatatu jioni Mama Kifungo alipanda mlima na marobota yake. Mshale ulifika mia na tano, ukatulia. Karibu na nyumbani aliendesha taratibu. Getini alisimama, akaiacha injini ingurume. Nyuma mtoto alilala fofofo. Kumbe mngurumo haukumsumbua hata kidogo. Kilichokuwa kikimwamsha ni ukimya wa ghafla.

Binti yao Kifungo alikuwa dirishani, pua imebanwa kwenye kioo. Alisubiri, akachoka, akatoka nje mbio.

"Mama, mbona hushuki? Umetukasirikia?"

Mama Kifungo alifungua mlango wa upande wa pili.

"Hapana, mwanangu. Nasubiri turbo ipoe. Babu yako alikuwa akifanya hivihivi. Ingia, tukae wote."

Kifungo akapanda, akafunga mlango taratibu, asimwamshe mdogo wake. Wakakaa dakika mbili, wakiutazama mshale ukishuka.