Nilitia Tiki Visanduku Vyote

Nina miaka thelathini na mmoja, sina mke, naishi peke yangu Mbinga mjini. Ndugu yangu wa tumbo moja ni dada Yasinta tu, aliyenilea tangu mama alipofariki. Leo hataki kuniona... na kosa ni langu.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Kituo kimoja cha afya huku milimani kilinipa kazi ya kutengeneza mfumo wa kutunza mafaili ya wagonjwa. Kila mfanyakazi alitakiwa apewe ruhusa zake: wa mapokezi aone jina na tarehe ya kurudi, majibu ya vipimo ayaone daktari na muuguzi basi. Kwa kila mtu kulikuwa na visanduku vya kutia tiki, vingi kweli.

Wiki ya kwanza simu hazikuisha. Huyu anasema ukurasa haufunguki, yule amezuiwa. Nikachoka. Nikajiambia, hawa si wanasali kanisa moja na kulimiana mashamba? Wafichane nini? Nikatia tiki visanduku vyote kwa watu wote. Simu zikakoma, nikajiona mjanja!

Dada alikuwa akiishi karibu na kituo hicho, lakini dawa zake alizifuata Songea, ili asijulikane. Aliposikia mfumo ni wangu, akahamia kituo hicho.

“Kwa mdogo wangu siri yangu iko salama,” aliniambia.

Leokadia wa mapokezi, binti wa shangazi yetu, alifungua faili la dada. Kwa nini? Udadisi tu... Wanawake walipokuwa wakichimba ngolo, yale mashimo ya kulimia mlimani, akawaambia dada anatumia dawa za virusi. Zamu ya shamba la dada ilipofika, alipika uji wa watu ishirini. Hakuja hata mmoja. Alichimba peke yake siku nne, kisha akahamia Mbamba Bay, kando ya ziwa, asikojulikana.

Nilimfuata. Shikamoo yangu hakuiitikia.

“Sasa nani anaweza kusoma faili langu?” aliuliza.

“Daktari na muuguzi wako tu, dada. Hata mimi nimejiondoa.”

“Ungeanza hivyo,” akasema, akafunga mlango.

Wenzangu mnaosoma, hasa mafundi, nawasihi: kabla ya kumfungulia mtu, ulizeni anahitaji kuona nini, hata kama ni ndugu. Msichoke kama nilivyochoka mimi.

Simu yangu siku hizi hailii kabisa. Si ndivyo nilivyotaka?