Sindano Ile Haikuwa Yangu

"We binti, unataka kuniua?!"

Sindano ilikuwa imeshagusa ngozi ya mkono wangu. Saa nne asubuhi, jua kali dirishani, wodi imejaa watu... na mimi nakufa hivihivi!

Kukimbia siwezi. Mguu una plasta hadi pajani, umening'inizwa kwenye chuma kama nyama buchani.

Nikamdaka mkono.

Muuguzi hakushtuka. Barakoa usoni, macho wazi, mekundu... halafu nikasikia akikoroma. Jamani, alikuwa amelala kasimama!

"Binti! Hiyo dawa ya nini?"

Akagutuka. "Ya kushusha sukari, babu. Kitanda cha sita."

"Mimi wa tano! Sukari ninayo kwenye chai tu!"

Akatazama sindano. Akatazama kadi yangu. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Kila mgonjwa namuuliza jina kwanza. Kila siku! Wewe nimekuuliza?"

"Hukuniuliza."

"Babu, usiseme. Watanifukuza."

Ndugu zangu, mnanijua, mdomo wangu hauna kufuli. Nilishavuta pumzi nimwite mkuu wa wodi. Lakini akaendelea:

"Nimekesha zamu ya usiku, asubuhi nikaambiwa niunganishe na ya mchana. Kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio. Juzi nilisinzia nikivuka barabara, honi ndiyo ikaniamsha."

"Sasa si uwe unalala mchana?"

"Nitalala vipi? Nilikohamia kuna mzee nyuma ya ukuta. Nikifumba macho tu, nyundo! Redio! Nikigonga ukuta, anaongeza sauti!"



"Anapigilia nini?"

"Mabanda ya kuku. Saba! Na kuku wenyewe wanne!"

Jasho likanitoka mpaka ndani ya plasta...

Mnadhani mguu huu niliuvunjia wapi? Nilianguka juzi tu kutoka juu ya banda la nane!

Miezi miwili nimemcheka mpangaji wa nyuma ya ukuta, aliyeziba dirisha kwa blanketi mchana kweupe. "Mvivu huyo!" Alipogonga ukuta, mimi nikajua kaupenda wimbo.

"Kuna nini hapa?" Mkuu wa wodi huyo, kashafika.

Muuguzi akaniangalia. Kazi yake ilikuwa mdomoni mwangu.

"Nusura anidunge sindano ya kitanda cha sita," nikasema.

Machozi yakamtoka.

"Lakini yuko kazini tangu jana jioni, na nyie mnajua. Na mchana halali kwa sababu ya nyundo yangu. Mama, ukiandika ripoti, anza na mimi."



Mkuu wa wodi akaichukua sindano, akamtazama binti yule machoni. "Nenda kalale. Ripoti tutaiandika ukiamka. Hizi zamu za kuunganisha nitazipeleka mwenyewe huko juu."

Binti akaondoka akijivuta. Mlangoni akageuka ghafla.

"Babu... ni WEWE?!"

Nikajifunika shuka hadi kichwani. Humo humo nikampigia simu mke wangu.

"Zima redio!"

"Heee! Kumbe uliangukia na kichwa?"

Sasa niko nyumbani. Mchana nakaa mlangoni na magongo yangu, mwenye kelele hapiti.

Na wewe unayesoma, ukimwona mtu kalala saa sita mchana, usimwite mvivu. Huenda usiku kucha alikuwa anahesabu pumzi za mama yako.

Kuku wamebaki watatu. Wa nne alikuwa jogoo. Nilimwomba anong'one... akakataa.